Ndala za Umeme

Kwa miaka mitatu, nyumbani kwa mama yangu kule Kamachumu palikuwa na jozi ya ndala za bluu zilizoning'inizwa kwenye msumari nje ya mlango wa jikoni. Hazikuwa za mtu. Zilikuwa za umeme. Ukitaka kufungua friji unazivaa, ukitaka kuanika nguo unazivaa, ukimaliza unazirudisha msumarini ili mwingine asihangaike kuzitafuta. Mgeni akinyoosha mkono kuelekea friji mama alimwambia kwa upole, kwa lile neno letu la heshima, "Waitu, vaa ndala kwanza," na mgeni alivaa. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza kwa nini friji ina viatu vyake. Mimi ndiye niliyeanzisha mambo hayo, na ninasema hivyo mapema ili nisije nikaonekana namsingizia mtu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ninakaa Bukoba mjini, Miembeni, na kwa miaka mingi nimefundisha sayansi, pamoja na ile mada ya umeme ambayo watoto wanaipenda kwa sababu kuna betri na balbu. Chuma kinapitisha umeme, mpira haupitishi. Mti mkavu haupitishi, mti mbichi unapitisha. Maji ya bomba yanapitisha, kwa hiyo usishike swichi na mikono mibichi. Ninaweza kuifundisha mada hiyo huku nasinzia, na kuna siku nimeifundisha hivyo kweli. Sisi Wahaya tunataniwa nchi nzima kwa jina la nshomile, yaani nimesoma, na mimi sikatai, nimesoma. Mganga hajigangi, wanasema, na mwalimu naye hajifundishi.

Umeme ulipofika kijijini kwetu baba alikuwa bado hai. Nguzo zilisimamishwa kando ya barabara, waya ukavutwa juu ya kibanja, shamba letu la migomba, mpaka kwenye paa, na kazi ya ndani ya nyumba akapewa baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja. Hakuna aliyekaa kikao kulijadili. Baba mdogo alikuwa fundi, alijifunza kwa kuwabebea wenzake ngazi na kuwatazama, na mikono yake ilikuwa hodari. Alitengeneza redio, baiskeli, mashine ya kukoboa kahawa, hata miwani ya padre. Kumleta fundi mwingine wakati mdogo wako yupo na bisibisi mfukoni ni kumvua nguo mbele ya kijiji. Kwa hiyo alifunga yeye, taa zikawaka, tukala ndizi na nyama, tukampongeza, na baba akakaa chini ya balbu ya sebuleni akisoma misale yake mpaka mama akamwambia akalale.

Baba alipofariki mama alibaki peke yake na kibanja. Ndugu zangu wawili wako mbali, mmoja Mwanza na mwingine Dar es Salaam. Wa Mwanza alipeleka friji. Wa Dar hupiga simu, na kila akimaliza kuzungumza na mama ananipigia mimi kunieleza mama anahitaji nini. Mimi ndiye niliye karibu. Mtoto aliye karibu anachoka kwa niaba ya wote, na sisemi hivi ili nihurumiwe, maana hata kuhurumiwa nako kunataka nguvu ya kuitikia.

Mama yangu si mtu wa kudharau umeme. Aliogopa ule unaoonekana. Kila kiangazi kilipoanza alihakikisha migomba iliyo chini ya waya imepunguzwa majani, na hakuruhusu mtu yeyote, hata awe mtu mzima wa namna gani, aangue parachichi kwa mti mrefu upande ule nguzo ilipo. "Hilo acha lianguke lenyewe," alikuwa akisema, "au liliwe na ndege." Siku moja mwanakwaya aliyekuja kumtembelea alichukua upondo bila kuuliza, mama akamkemea mpaka yule bwana akasahau parachichi na kofia yake. Waya wa juu aliuheshimu. Ule uliokuwa umejificha ndani ya dari hakuujua, kama ambavyo hakuna aliyeujua.

Jioni moja ya mvua za masika alinipigia simu. Nilikuwa na madaftari ya darasa zima mezani na miguu yangu ilikuwa kwenye beseni la maji ya moto. Tulizoea kuanza hivi: yeye anauliza habari za kazi, mimi najibu nimechoka, yeye anasema pole. Ndipo mambo mengine yanafuata.

"Umechoka, mwanangu?"

"Nimechoka, mama."

"Pole waitu. Sasa, kamba ya nguo inanitekenya."

Mama huzungumza Kihaya kutwa nzima. Kiswahili anakitoa kwa mambo yaliyokuja na Kiswahili: serikali, benki, simu, umeme. Nikafikiri nimesikia vibaya. Nikamwomba arudie, akarudia, safari hii kwa sauti kubwa kama vile tatizo lilikuwa masikio yangu. Kamba ya nguo, ule waya wa chuma unaotoka kwenye paa mpaka kwenye mti wa mrumba, akiushika na kanga mbichi unamtekenya vidole. Na friji nayo inatekenya, ila kidogo.

Nilicheka. Ndivyo ilivyokuwa, nilicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. Neno lenyewe lilikuwa la watoto, la kuchezeana makwapani, na mimi nilikuwa na hamu ya kucheka kuliko hamu ya kufikiri. Hakuwa na neno la shoti, akachukua lililokuwa jirani, na neno hilo likanifanya nione jambo dogo, la mchezo. Angeniambia "kamba inaniuma" ningesimama.

"Unaishika ukiwa na viatu?" nikamuuliza.

"Nani anaanika nguo na viatu?"

"Basi vaa ndala, mama. Mpira haupitishi umeme."

Akayarudia maneno hayo polepole, akionja elimu ile. Kesho yake akanipigia kwa furaha. Amevaa ndala, kamba haitekenyi hata kidogo. Akazinunulia msumari wake. Akawaambia majirani kwamba mtoto wake mwalimu ametibu umeme kwa simu.

Mwezi uliofuata nilipata nafasi ya kwenda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ardhi imelowa, na mimi nikavua viatu nikaenda kuishika kamba ili nijue. Sitaiita tena kutekenya. Mkono ulirudi wenyewe mpaka begani, na mdomoni nikapata ladha ya chuma. Nilikaa chini kwenye kibaraza nikaangalia ile kamba na shuka za mama zikipepea juu yake, shuka zilezile tulizolalia tukiwa watoto, na nikaogopa sana.

Nikaenda kwa baba mdogo. Nyumba yake iko ng'ambo ya kibanja, unapita katikati ya migomba. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anatafuna kahawa, akamwani kama tunavyoiita, na mimi nikapiga magoti nikamwamkia, maana ndivyo mtoto wa kike anavyomwamkia baba yake mdogo hata akiwa na miaka hamsini na cheti cha ualimu. Sasa jaribu wewe. Mwambie mtu kazi yake ni mbovu ukiwa umepiga magoti. Nilisema kwamba mama anasikia kitu kidogo kwenye kamba, kwamba labda angepata nafasi ya kutazama, kwamba mimi sijui mambo hayo, yeye ndiye anayejua.

Alikuja siku hiyohiyo, na bisibisi yake ya kupimia, testa. Akaigusisha kwenye kamba, taa ndogo ya ndani ya testa ikawaka kwa unyonge. Akacheka.

"Mwalimu, huu ni umeme uliovuja tu. Hauui. Umeme unaoua unamrusha mtu. Huu hauna hata nguvu ya kumwamsha mbuzi."

"Lakini baba, si ingefaa usiwepo kabisa?"

"Mbona hata mimi mgongo unaniuma na nipo?"

Mama akacheka, nami nikacheka. Alibadilisha plagi ya friji, akakaza soketi mbili, akanywa chai, akaondoka huku akiimba. Nikamwambia mama kwamba nitamleta fundi kutoka Bukoba, mtu mwenye leseni, atazame paa lote. Mama aliacha kumenya ndizi.

"Uniletee fundi wa mjini apite mbele ya nyumba ya shemeji yangu na ngazi begani?"

"Tutamwambia baba mdogo kwanza."

"Tutamwambia nini? Kwamba kazi aliyomfungia marehemu kaka yake haifai? Wewe Jumapili jioni unarudi Bukoba. Mimi nabaki naye hapa. Nikiugua ni yeye anayekuja. Nikifa ni yeye atakayesema nizikwe wapi."

Ilikuwa kweli tupu. Ningeweza kubishana, maana nina mdomo na kila mtu anajua. Lakini nilikuwa nimesafiri asubuhi, nilikuwa na safari ya kurudi, na kesho yake nilikuwa na zamu ya mstarini. Nikasema basi, mama, ila usisahau ndala. Usipoziba ufa utajenga ukuta, methali hiyo nimewaandikisha watoto ubaoni mara nyingi, kwa mwandiko mzuri.

Kisha kikaja kiangazi, na umeme ukapona.

Hilo ni neno la mama pia. Juni ilipofika mvua zikakatika, udongo wa uani ukawa vumbi jekundu, na kamba ikanyamaza. Mama aliishika siku moja kwa kusahau, miguu mitupu, isimfanye kitu. Akaishika tena kwa makusudi. Akanipigia simu kunitangazia. Mimi mwalimu nilijua sababu: ardhi kavu haiupokei umeme vizuri, kwa hiyo umeme unakosa njia ya kupita mwilini kwenda chini. Haukuwa umepona, ulikuwa umekosa njia tu. Nilianza kumweleza, nikafika katikati, nikasikia anaitikia ee, ee, kama anavyomwitikia katekista, nikaacha. Mvua zikirudi kamba inaamka, ndala zinavaliwa. Kiangazi kikirudi kamba inalala, ndala zinaning'inia. Tulilizoea jambo hilo kama tunavyozoea misimu ya senene, na miaka ikapita.

Kiangazi cha mwaka wa tatu chama cha msingi cha wakulima kiliwahimiza watu waache kuanika kahawa chini, waanike juu ya vichanja ili isipate uchafu. Baba mdogo akamtengenezea mama kichanja kizuri, miguu ya miti na juu wavu wa chuma. Upepo wa kiangazi kwetu una fujo, ukivuka bonde unakuja umekasirika, kwa hiyo alikikaza kichanja kwa waya, na upande mmoja wa waya akaufunga kwenye kamba ya nguo. Nilikiona nilipokwenda mwezi wa saba. Niliona waya ule na nikaona ulipofungwa. Nikasema moyoni kwamba nitalisema hilo baadaye, baada ya kula.

Ndala nazo zilikuwa zimezeeka. Ya kulia ilikatika mkanda, na mama, ambaye hatupi kitu, aliishona kwa waya mwembamba, akaupitisha juu na chini ya soli, akaupindapinda kwa koleo mpaka ukakaza. Alinionyesha. Nikamsifu. Mtu wa kwetu akishona ndala kwa waya hapati sifa nyingi, nikaona nimpe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mwishoni mwa Agosti. Nilifika Ijumaa jioni baada ya wiki nzima ya kusimamia mitihani, nikala mezani macho yakiwa yamefumba nusu, nikalala. Mama hakuniamsha. Nilipoamka jua lilikuwa limeshapanda, shuka zimeanikwa, yeye yuko kwenye kichanja anageuza kahawa kwa mikono. Alinitazama nikija na mswaki mdomoni.

"Umeamka, mwanangu?"

"Nimeamka. Bado nimechoka tu."

"Pole waitu."

Mchana tulifungasha kahawa ya maganda iliyokauka kwenye magunia na kuyapeleka kwenye chumba kimoja cha ndani, ambacho siku hizi ni stoo. Ukutani mwa chumba hicho ndipo ilipo swichi kuu. Magunia mawili ya mwisho tuliyabeba mimi na jirani, tukayaweka mbele kabisa, chini ya swichi, kwa sababu nyuma palikuwa pameshajaa na mgongo wangu ulikuwa umeniambia inatosha.

Alasiri baba mdogo alikuja kunisalimia. Mama alikuwa ametandaza nyasi mbichi sebuleni, anavyofanya nikija mimi na anavyofanya akija askofu, kwa hiyo baba mdogo aliacha viatu vyake mlangoni kama desturi. Nikapiga magoti, nikamwamkia, akaniuliza kama watoto wa siku hizi bado wanashindwa hesabu. Tulikuwa tunacheka hivyo mama aliponyanyua kichwa. Udongo ulikuwa umeanza kunukia mvua.

"Enjura yaija!" akapiga kelele. Mvua imekuja.

Kwetu mvua ikikuta kahawa nje hakuna mgeni wala mwenyeji, hakuna mzee wala mlemavu. Watu hutoka hata na nguo za kanisani. Tulikimbia wote watatu. Mimi nilikwenda upande wa turubai lililokuwa chini, nikaanza kulikunja kahawa ikiwa ndani. Mvua yenyewe haikuanza kwa matone, ilimwagika. Kwa dakika chache lile vumbi jekundu likawa tope. Mama alikuwa anaelekea kwenye kichanja na turubai jingine mikononi, baba mdogo akampokonya.

"Kaa pembeni, shemeji. Wewe ni mzee."

"Basi vaa ndala!" mama akamwambia. Akazichomoa msumarini akamtupia miguuni. "Vaa ndala kwanza!"

Miaka mitatu yote baba mdogo hakuwahi kuzivaa. Alikuwa akizicheka, akiziita sakramenti ya nane. Siku hiyo, na mvua ile kichwani, alisimama, akaziangalia, akaingiza miguu. Nafikiri alitaka kumfurahisha mama. Kisha akaenda akashika ukingo wa kichanja kwa mkono wa kulia ili avute turubai juu yake.

Hakupiga kelele. Nilisikia tu sauti ya mama ikimwita jina lake, nikageuka. Alikuwa amesimama ameinama, mkono umeng'ang'ania wavu, mdomo wazi, na mwili wote unatetemeka, mtetemo mdogomdogo wa kasi. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwake, mikono yote miwili mbele.

"Usimguse!" nilipiga ukelele. "Mama, usimguse!"

Sijawahi kumpigia mama yangu ukelele wa namna ile kabla wala baada. Alisimama. Ndilo jambo moja katika hadithi hii yote nililolifanya kwa wakati wake.

Nikakimbilia ndani, miguu ikiteleza kwenye nyasi. Nikafika stoo nikakuta yale magunia mawili. Mkono wangu haukufika kwenye swichi. Nikapanda juu yake, gunia likaporomoka, nikaanguka nalo, nikapanda tena kwa magoti na kucha, nikaivuta swichi chini. Sijui ilichukua muda gani. Nimejaribu kuuhesabu mara nyingi na kila mara unakuwa mrefu zaidi.

Nilipotoka alikuwa ameanguka topeni. Nikamwekea sikio puani. Pumzi ilikuwepo, ndogo, ya kukatakata. Tulimlaza ubavu, mama akavua kanga yake akamfunika, na majirani waliokuwa wamekimbilia kahawa zao wakaziacha zilowe, wakaja kwetu. Gari dogo la jirani lilimpeleka Rubya, hospitalini, mimi nikiwa nimekaa nyuma na kichwa chake mapajani. Njia nzima alikuwa akijaribu kusema kitu. Tulipokaribia nikamsikia vizuri. Alikuwa anauliza nani amemzimia redio.

Moyo wake waliuangalia siku kadhaa, ukatulia. Mkono haukutulia. Kiganja kiliungua mpaka ndani, na vidole viwili vya kulia mpaka leo havikunjiki. Kushika kijiko anaweza, bisibisi hawezi.

Fundi wa Bukoba alikuja wiki mbili baadaye. Safari hii alipita mbele ya nyumba ya baba mdogo na ngazi begani, na baba mdogo mwenyewe alimfuata polepole mpaka kwetu, mkono umefungwa bandeji, akakaa kwenye kigoda uani. Fundi alikaa juu ya paa asubuhi nzima. Akatushukia na kipande cha waya. Msumari wa bati ulikuwa umepita ubavuni mwake tangu siku nyumba inafungwa umeme, akasema, umeukwaruza tu. Jua la viangazi likawa linaoka ganda lake chini ya bati mpaka likapasuka. Paa lote likawa na umeme, na kamba ya nguo imeanzia kwenye paa. Isitoshe nyumba haikuwa na waya wa ardhini hata mmoja, ndiyo maana friji nayo ilikuwa inapiga. Akachimbia nondo ya shaba nyuma ya jiko, akaweka swichi inayojizima yenyewe umeme ukivuja, akang'oa kamba ya chuma akasema tununue ya manila. Kisha akaangalia ndala, akagusa ule mshono.

"Na hii nani aliyeishona kwa waya?"

Kisha fundi akainua macho kwenye paa.

"Na nyumba hii, nani aliyeifunga?"

Nilimwona baba mdogo akifungua mdomo. Mama akamtangulia.

"Ni sisi," akasema. "Tulifunga sisi."

Fundi aliitikia kwa kichwa akaanza kukusanya vifaa vyake. Baba mdogo aliutazama mkono wake, halafu akainuka akaenda kumshikia ngazi kwa ule mkono mzima.

Jioni hiyo, wote walipoondoka, nilizitoa ndala msumarini ili nikazitupe shimoni. Mama alikuwa kwenye kibaraza anamenya ndizi. Nilipopita mbele yake jambo moja likanijia, sijui kwa nini halikunijia mapema. Nikasimama.

"Mama, ile siku, mbona ulimwambia avae ndala?"

"Si za umeme?"

"Lakini ilikuwa kiangazi. Kiangazi chote hukuzivaa. Ulisema umeme umepona."

Aliendelea kumenya. Alimaliza ndizi moja, akaitia kwenye maji, akachukua nyingine.

"Asubuhi ile umeme ulinitekenya," akasema. "Nilikuwa naanika shuka. Kulikuwa na umande mwingi. Ulinitekenya mpaka hapa." Akajigusa kiwiko kwa mpini wa kisu.

"Na hukuniambia?"

"Nilikuja mpaka mlangoni. Ulikuwa umelala, mwanangu. Nikasema, huyu amechoka, nitamwambia akiamka."

"Na nilipoamka?"

Mama hakuninyanyulia macho.

"Ulipoamka," akasema, "ulikuwa bado umechoka."